Mkataba wa Fundi Kabla Bati la Zamani Halijang'olewa

Anayetaka kubadili paa la nyumba yake Dar es Salaam kwa kawaida huuliza kwanza habari ya muhuri: mkataba na fundi tukaugongee kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa wakili? Muhuri ungoje kidogo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano huwa mkataba pale watu wazima wenye akili timamu wanapokubaliana kwa hiari, kuna malipo, na kazi yenyewe ni halali. Hata ya mdomo yanabana, ila siku ya kudaiana kila mmoja anakuja na kumbukumbu zake. Mwenyekiti ni shahidi mzuri, lakini muhuri wake hauiponyi karatasi iliyoandikwa "fundi atapaua nyumba yote" na kuishia hapo.

Kupaua kwa bati gani? Andika geji. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28 ingawa namba ni kubwa, na wapo waliobadilishiwa wakadhani wamependelewa. Andika kama mbao za kenchi ni zenye dawa, nani ananunua vifaa, nani anaondoa kifusi, na mabati ya zamani yanabaki kwa nani. Hilo la mwisho limegombanisha watu wengi kuliko bei.

Halafu malipo. Kutoa nusu ya pesa ya ufundi siku ya kwanza ni kumpa fundi sababu ya kwenda saiti nyingine. Ni afadhali advansi ndogo, kisha kiasi kenchi zikisimama, kiasi bati likimalizika, na sehemu, tuseme asilimia 10, ibaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa ipige na dari libaki kavu. Fundi anayejiamini hakatai hilo kama limeandikwa mapema.

Wengine huweka faini ya kutisha kwa kila siku ya kuchelewa. Kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo kinaipa mahakama nafasi ya kutoa fidia ya kadiri tu, isiyozidi kiasi kilichotajwa, kwa hiyo tarakimu ya kukomoa haikupi chochote cha ziada.

Ukiajiri kampuni badala ya fundi wa mtaani, omba cheti chake cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi na uangalie daraja lake, maana yapo kuanzia la 1 hadi la 7 na kila moja, isipokuwa la 1, lina ukomo wa ukubwa wa kazi. Kupaka rangi hakuna usumbufu, lakini kuongeza chumba au ghorofa kunahitaji kibali cha halmashauri. Mkataba useme nani atakifuatilia. Amri ya kusimamisha ujenzi ikija, kiwanja ni chako.

Kazi za nyongeza ndizo huvuruga hesabu. Katikati ya kazi unasema, "Fundi, hapo ongeza na mfereji," naye anaitikia. Mwandikie ujumbe wa simu palepale wenye kazi na bei, akujibu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inauruhusu kuwa ushahidi. Usiufute, wala usitupe risiti za EFD: madai ya mkataba yana miaka 6 ya kufunguliwa mahakamani.