Picha ya Macheo Yataka Msema Kweli

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi watu wa mashairi tumeizoea methali hii, lakini leo, ndugu msomaji, nataka kuipeleka kwa vijana wetu wapigao picha. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na picha za macheo ndizo zipendwazo mno. Kijana akiionyesha yake husikia neno moja tu: "Mashallah!" Neno ni jema, ila halimwambii kilichofaa wala kilichoharibika.

Katika ushairi mambo hayaendi hivyo. Tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, watunzi wa Mvita na Lamu walijibizana na kupimana. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kila kipande. Ukipunguza mmoja, msikilizaji huhisi mguu umekanyaga hewani, naye hukwambia papo hapo.

Msimu uliopita wa kaskazi, kijana mmoja wa Mji wa Kale alituletea barazani picha aliyoichapisha kubwa, anataka kuwauzia wageni. Chini ameandika: "Macheo, Mji wa Kale, Mombasa." Alisimama ufukoni karibu na Ngome ya Yesu, akaitazamisha kamera ng'ambo ya maji, upande wa Nyali. Jua jekundu, mashua mbili zimetia nanga, mawingu yana rangi ya zafarani.

Wenzangu walisifu. Mimi nilimwambia mambo mawili. Mstari wa bahari umeinama, maji kama yanamwagika. Tena jua amelitia katikati, mashua akazisukuma pembeni, ilhali jua huchomoza kila nchi na mashua zile ni zetu. Kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda wima. Tangu kuchungulia hadi kuwa duara zima ni kama dakika 2 tu. Mwenye kuliwinda na achague mahali pa kusimama kungali giza.

Ndipo mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa kimya, akauliza: "Mwanangu, mbona bahari kuu iko kushoto?"

Sote tukainama kutazama. Asimamaye pale akielekea Nyali, bahari kuu huwa kuliani kwake, na mkono wa maji uendao Tudor huwa kushoto. Aidha, wakati wa kaskazi jua hutokea kusini kidogo ya mashariki, yaani huko huko kwenye bahari kuu. Picha ilikuwa imegeuzwa, kama iliyotazamwa kiooni.

"Ami, niliigeuza mimi," akasema kijana. "Nilitaka mashua zielekee kulia. Picha ni sanaa."

Hoja yake si ya kupuuzwa. Katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na mteja akasimama mbele yake kama msafiri. Hakudanganyika mtu, kwani pazia lilionekana kuwa ni pazia. Lakini picha hii imepewa jina la mahali. Mgeni ataiamini, na mjukuu wa kijana huyu ataitazama kesho apate kujua pwani ya wazee wake ilikuwaje.

Kijana angaliweza kukasirika na kuichukua picha yake. Badala yake aliuliza: "Basi ningefanyaje, Ami?"

Mzee akamjibu: "Nenda maji yakijaa, asubuhi isiyo na upepo. Mashua iliyotia nanga huukabili mkondo. Maji yakitoka, omo hutazama Tudor. Yakiingia, hutazama bahari. Wewe ulikwenda maji yakitoka. Ngojea yajae, mashua zitageuka zenyewe, na jua litakuwa mbele yake."

Kile alichokitafuta kwa kuipindua picha, kumbe bahari humpa bure mwenye kungoja!

Huo ndio ukosoaji ninaoutaka. Yule mzee hakumtaja kijana wala kipaji chake. Alisema alichokiona, kisha akaonyesha njia. Naye mkosolewa asihesabu sifa. Amtafute anayekijua kitu chenyewe kilichopigwa picha, hata kama hajapata kushika kamera. Picha ya bahari ipelekeni kwa wavuvi, na ya mlango wa nakshi kwa maseremala. Wakinyamaza kitambo kabla ya kusema, ngojeni hapo hapo.