Una SHA? Subiri kidogo kabla ya kujibu

Saa nane usiku si saa nzuri ya kujifunza jinsi mfumo wa afya unavyofanya kazi. Mimi nilijifunza saa hiyo, nikiwa mbele ya dirisha la malipo la hospitali moja ya umma hapa Nairobi. Simu ilikuwa na chaji asilimia tisa, na jamaa ninayeishi naye alikuwa amejikunja kwenye benchi, ameshika tumbo upande wa kulia.

“Ana SHA?” karani akauliza.

“Anayo,” nikajibu bila wasiwasi. Nilikuwepo alipojisajili. Tulibonyeza *147# tukiwa kejani, tukingoja githeri iive.

Karani akaandika namba ya kitambulisho, akangoja, kisha akanigeuzia skrini. Amesajiliwa, ndiyo. Hajawahi kulipa hata shilingi.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa kwenye mathree, nikuulize swali hilo hilo. Una SHA? Vijana wengi nikiwauliza wanasema ndiyo. Nikiwauliza kama wamelipa, wananiangalia kama nimewaomba pesa za lunch.

Ukweli ni kwamba kujisajili na kulipa ni mambo mawili, na kila moja linafungua mlango wake. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, ambayo ilikuwepo tangu 1966, na ilianza kazi Oktoba 1, 2024. Ndani yake kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, na pesa zake zinatoka kwa serikali. Huo ndio unaokutibu bure kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na Level 3, mradi tu umesajiliwa. Mfuko wa pili ni ule wa michango yetu. Ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua kwenye hospitali kubwa, na hapo kama hujalipa, usajili wako ni jina tu kwenye kompyuta. Wa tatu ni wa dharura, na pia wa magonjwa sugu kama saratani pale kiasi ulichowekewa kwenye mfuko wa pili kinapoisha.

Jamaa wangu alikuwa anahitaji mfuko wa pili. Appendix ilikuwa imefura.

Kama umeajiriwa, hili halikusumbui. Mwajiri anakata asilimia 2.75 ya mshahara wako kabla hujauona. Shida ni sisi wa kutafuta kila siku. Jamaa anauza viatu vya mtumba Gikomba. Kwa watu kama yeye, SHA inauliza maswali kuhusu maisha yako ili ikadirie unaweza kulipa ngapi: nyumba yenu ina ukuta wa nini, choo cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo? Ng’ombe kwenye bedsitter ya Umoja, wasee! Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Yeye mfumo ulimpa Sh525.

Ukisikia Sh525 unasema hiyo si mbaya. Lakini hulipi kwa mwezi. Unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na 525 mara 12 ni Sh6,300. Enzi za NHIF mtu wa jua kali alikuwa analipa Sh500 kila mwezi, basi. Mwaka 2025 serikali ilitangaza Lipa SHA Pole Pole ili watu walipe kidogo kidogo, ila hapo unachukua mkopo wa kulipia bima. Binafsi sioni kwa nini mtu anayelipwa kwa siku alazimishwe kufikiri kwa mwaka. Tunanunua unga kwa kipimo, tunanunua data ya saa moja, halafu afya ndiyo tuambiwe ni jumla tu?

Turudi dirishani. Nilituma meseji kwenye grupu yetu ya WhatsApp ya watu 31. Saa nane usiku, walioamka walikuwa wanne. Mmoja akatuma Sh2,000, mwingine Sh500 na neno “pole”. Mimi nikapiga Fuliza. Dadake kutoka Kakamega akamalizia. Tukalipa Sh6,300. Kisha ikazuka nyingine: ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa unaenda kwenye laini aliyoibiwa pamoja na simu miezi mitatu nyuma. Tulihangaika na hilo mpaka jua likachomoza.

Nisidanganye, hawakumwacha afe. Muuguzi mmoja alimwekea maji ya mshipani na dawa ya maumivu muda wote ule. Na kusema kweli hiyo si fadhila. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hilo sikulijua usiku ule. Ningelijua, nisingekuwa nambembeleza karani kama mtu anayeomba kazi. Alipasuliwa kabla ya saa sita mchana.

Nikiwa kwenye ile benchi nilipata muda wa kufikiria upuzi wangu mwenyewe. Mwaka uliopita sikio liliniuma wiki nzima. Nikaenda moja kwa moja kwenye hospitali kubwa, kwa sababu kichwani mwangu hospitali ni jengo refu. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nikaonwa saa tisa alasiri, nikaandikiwa dawa ambayo zahanati iliyo dakika kumi kutoka kwetu ingenipa bila kunitoza chochote.

Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba hizi hospitali ni ngazi. Level 1 si jengo kabisa, ni mtaani kwenu. Ni wale wahamasishaji wa afya ya jamii wanaobisha mlango na begi mgongoni. Wako karibu 100,000 nchini, na kwenye begi wana mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Level 2 ni zahanati, 3 kituo cha afya, 4 na 5 ni hospitali za kaunti, na 6 ni zile za kitaifa kama Kenyatta na ile ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Unaanzia chini, na wakishindwa wanakuandikia barua ya rufaa. Ukiruka ngazi na sikio lako, unapanga foleni nyuma ya watu waliotumwa hapo na magonjwa ya kutisha, na unawachelewesha.

Kitu kingine ambacho kingefaa kufundishwa shuleni: ukikosa dawa kwenye zahanati, usimtukane Rais pekee huko X. Tangu ugatuzi uanze 2013, kuanzia zahanati hadi Level 5 ni kazi ya kaunti. Gavana ndiye anayeajiri daktari na kununua Panadol. SHA yenyewe ndiyo ya serikali kuu. Kwa hivyo mkilia, lieni kwenye dirisha linalohusika. MCA wako anajua njia ya kwenda kwenye bajeti.

Na kama wewe ni kama mimi, uliyeacha chuo karo ilipokatika, kuna mtego wako pia. Nilikuwa naamini niko chini ya bima ya mathe. Nilikuwa, nikiwa mtoto wa nyumbani nisiye na kipato. Ukishaanza kujitafutia na kuhamia keja yako, uko peke yako. Naye mathe hawezi kuingia chini yako: mzazi anajisajili na kulipa mwenyewe, hata kama pesa ni wewe unayemtumia.

Jamaa yuko sawa. Amerudi Gikomba baada ya wiki tano, habebi mzigo mzito bado. Kila Ijumaa anatoa Sh200 kulipa deni la usiku ule, na ile bima yake itahitaji Sh6,300 nyingine mwaka ukiisha.

Mimi? Nimelipa nusu ya safari, yaani nimeweka Sh1,900 pembeni kati ya Sh3,600 ninazodaiwa. Jumamosi yule mama wa afya ya jamii alipita kwetu. Nilikuwa nikimkwepa, nikidhani anauza kitu. Akanipima presha, akatazama ile namba, akaipima tena mkono wa pili. Kisha akanielekeza zahanati, Jumatatu asubuhi, nisinywe kahawa kwanza.

“Na hiyo laini uliyosajilia SHA,” akaniuliza akifunga begi, “bado unayo?”

Nikaenda kuitafuta kwenye droo.