Kabla Mwezi Haujaandama, Ondoa Chaja Kwenye Kaunta

Shida ya Idd el-Fitr ni kwamba huijui tarehe yake mpaka usiku wenyewe. Umeshafuturu siku ya 29, simu iko mkononi, unasubiri kusikia kama mwezi umeandama. Ukiandama tu, nyumba nzima inahamia jikoni. Vitunguu vinamenywa, tangawizi inatwangwa, kuku wanatolewa kwenye friza waanze kuyeyuka. Kaunta bado imebeba mizigo ya mwezi mzima, na hakuna mwenye muda nayo.

Safari iliyopita niliihesabu mizigo hiyo kabla ya kuigusa. Chaja mbili za simu, moja imekufa. Dawa ya kikohozi ya mtoto. Funguo. Risiti za duka. Chupa tatu za chai, ilhali tunayotumia ni moja. Blenda, birika la umeme, mkoba wa shule, mfuko wa tende uliofunguliwa, na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya taa, imesimama bega kwa bega na chupa ya mafuta ya kupikia. Kaunta yenyewe ina kama mita 2. Palipobaki wazi palitosha kibao kimoja cha kukatia. Kuku aliwekwa kwenye kona, ndani ya sahani, na nilipogeuka nikaona maji yake mekundu yameshafurika ukingoni, yanatambaa taratibu kuuelekea mfuko wa tende. Tende ambazo asubuhi, kabla ya kwenda kuswali, kila mtu angechukua moja na kuitia mdomoni.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kuku mbichi mara nyingi huwa na bakteria wa salmonela au kampilobakta, hata kama alipochinjwa alikuwa mnono na mzima wa afya. Ndani ya sufuria hawafiki mbali: nyama ikipata nyuzi joto 70 mpaka katikati, wamekwisha. Tende haziendi motoni. Kachumbari pia haiendi. Nyanya zikikatwa pale pale alipokatwa kuku, kwa kisu kilichofutwa tu kwa kitambaa, mgeni atakula pilau salama kabisa kwa kachumbari isiyo salama. Wengi tunaitegemea ndimu. Ndimu na siki hupunguza baadhi ya vijidudu, lakini si za kutegemewa kuvimaliza, na kampilobakta mia chache tu wanatosha kumlaza mtu. Tena ugonjwa wake huchukua siku 2 hadi 5 kujitokeza. Hapo nani anaikumbuka kachumbari? Lawama zinakwenda kwa mafuta ya pilau.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 hufa, wakiwemo watoto 125,000 wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo lina kanuni tano za chakula salama, na ya pili inasema kibichi kitengwe na kilichopikwa. Sote tunaikubali. Lakini ukiitazama vizuri, kanuni hiyo inadai nafasi, na mwenye kaunta iliyojaa hana pa kutengea. Atakata kuku na nyanya mahali pamoja hata kama anajua madhara yake.

Kaunta iliyojaa pia haisafishiki. Tunafuta kwa kuzunguka vitu. Nilipoinyanyua blenda nilikuta duara la juisi iliyoganda, na sisimizi wameshaweka makazi. Ondoa vyote, safisha kwa maji na sabuni, kisha ndiyo upitishe dawa ya klorini iliyochanganywa na maji kama kibandiko cha chupa kinavyoelekeza. Usibadilishe mpangilio huo: uchafu na mafuta hula nguvu ya klorini, ukaishia kuipaka dawa juu ya shombo. Na kitambaa kilichofuta maji ya kuku kisifute kitu kingine chochote, kiende kuchemshwa.

Kuna ubishi kuhusu kumwosha kuku. Mamlaka za chakula za Uingereza na Marekani zinasema asioshwe, kwa sababu maji yanayoruka husambaza bakteria kwenye sinki na vyombo. Sayansi yao ni sahihi. Ila kuku wao hufika dukani wameshasafishwa. Wangu alinyonyolewa sokoni na bado ana vinyoya na damu. Mimi namwosha. Namwosha nje, ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia, sio chini ya bomba, na ndiyo kazi ya kwanza kabla nyanya haijatolewa kwenye mfuko.

Yale mafuta ya taa yasisogezwe kando tu, yahamishwe kabisa. Usiku wa Idd mtu hupika amechoka, watoto wako macho mpaka saa sita, na chupa ya soda kwa mtoto ni soda. Akiyanywa, usimtapishe: hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu, na kutapika huongeza hatari hiyo. Mpeleke hospitali mara moja.

Nafasi inahitajika tena pilau likishaiva, na hapa wapishi hodari ndio wanaoteleza. Kuna bakteria, *Bacillus cereus* kwenye mchele na *Clostridium perfringens* kwenye nyama, ambao hujihifadhi katika maumbo magumu kama mbegu. Maumbo hayo hustahimili kuchemka. Sufuria la watu 30 likiachwa na kifuniko chake usiku kucha, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na katika vuguvugu hilo *Clostridium* anaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika kama 10. *Bacillus* naye huweza kuacha sumu ya kutapisha ambayo haiondoki hata upashe kiporo mpaka kitoe mvuke.

Kwa hiyo pilau la kubaki ligawe kwenye masinia na mabakuli mapana, lisizidi kina cha vidole vichache, lipoe upesi kisha liingie kwenye friji kabla saa 2 hazijapita. Masinia manne yanahitaji mahali pa kutandazwa. Safari ile yalitosha yote kwenye kaunta, yamepangwa kama vitanda vya wodi, mvuke unatoka, dirisha wazi.

Tende zilitupwa. Vitu vingine, isipokuwa dawa na mafuta ya taa, niliviweka kwenye ndoo chini ya kitanda, na ile chaja iliyokufa bado imo.