Mwezi Mmoja Mbaya, Uamuzi wa Maisha Yote

Shirika la Afya Duniani huhesabu umri wa balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Huku Uvira, mashariki mwa Kongo, hesabu hiyo haina kazi kubwa. Kwenye mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kavimvira mpakani na Burundi hadi bandari ya Kalundu na vijiji vya njia ya Fizi, mtoto huvuka kuingia utu uzima siku nyumba inapoishiwa na macho yote yakamgeukia yeye. Mara nyingi ni kifungua mimba. Baba amefariki, au amekwenda machimboni na habari zake hazifiki, au mama yuko kitandani. Basi mtoto wa miaka 13 ndiye anayetakiwa kujua wadogo zake watalala wamekula nini.

Wengi wakiona hayo hulaumu kazi. Wanasema watoto wetu wanafanya kazi mno. Ni kweli kwamba kidumu cha lita 20 kina uzito wa kilo 20, na msichana anayekipandisha kutoka ziwani mara tatu kabla ya kengele ya shule hafiki darasani na akili iliyotulia. Tena maji hayo ya ziwa ndiyo yanayoleta kipindupindu, ugonjwa ambao Uvira imeuzoea kwa miongo mingi. Lakini kwa sisi tunaoshughulikia makuzi ya vijana, kulaumu kazi peke yake hakutoshi.

Mwanasosholojia Glen Elder alichapisha mwaka 1974 kitabu kuhusu watoto wa Oakland, Marekani, waliozaliwa mwaka 1920 na 1921. Mdororo mkuu wa uchumi uliwakuta ndio kwanza wanabalehe. Wavulana walitoka kutafuta vibarua, wasichana wakashika nyumba. Wengi wao walikuja kuwa watu wazima imara, kwa sababu mchango wao ulikuwa na maana nyumbani, na kwa sababu dhiki ilipopungua milango ya masomo na ajira ilikuwa bado wazi. Hapo ndipo ninaposimama. Shida humkomaza kijana ikiwa ina mwisho. Humvunja pale inapomlazimisha kuchukua hatua isiyorudi nyuma: kuacha shule moja kwa moja, kuolewa, kuingia msituni na bunduki.

Umri wenyewe unaiongeza hatari hiyo. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya mbali na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20. Kijana wa miaka 16 aliyetulia anaweza kufikiri sawa na mkubwa. Huyohuyo akiwa na njaa, hofu na aibu mbele ya wenzake, ataishika njia yoyote inayomaliza maumivu ya leo.

Sasa tuangalie fedha inavyoingia nyumbani. Ndagaa huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwakusanya juu, wavu ukawainua kutoka chini. Alfajiri mitumbwi ikitia nanga utamwona mvulana wa miaka 14 akifua maji kwa kidumu kilichokatwa, kisha akichambua nyavu. Ujira wake ni bakuli la ndagaa, na bakuli hilo anampelekea mama auze. Akina mama wengine huchukua samaki kwa mkopo, huwaanika mchangani, hulipa jioni. Mvua ikinyesha mchana, samaki wanaoza na deni linabaki. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa haivuti kitu, na mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Kwa hiyo kila mwezi kuna wiki ya ukata ambayo kila mtu anaijua, na mzazi anayeishi kwa bakuli hana akiba ya kuivukia.

Ziwa lenyewe nalo limepungukiwa. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba maji ya juu yanapozidi joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, virutubisho havipandi, na chakula cha samaki kimepungua kwa takriban asilimia 20; mavuno ya samaki waliyakadiria kushuka kwa takriban asilimia 30. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Samaki wanahitaji pumziko hilo, silipingi. Ila mwezi Juni ndio shule hudai malimbikizo kabla ya mitihani.

Na shule ina kizingiti chake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitekeleza neno hilo. Bure hiyo inaishia darasa la sita. Darasa la saba minervali, yaani ada, inarudi, mtoto akiwa na miaka 12 au 13, yaani mwaka uleule ambao mwili wake umeanza kuwa na thamani mtumbwini, shambani na kwa wachumba. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ada ya shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016. Maji ni yaleyale, na umaskini unafanana.

Kwa msichana kizingiti ni kirefu zaidi. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 Sheria ya Familia ya Kongo inataka miaka 18 kwa wote. Kabla ya hapo sheria hiyo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Familia iliyopoteza nyumba haisomi sheria hiyo. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, makumi ya watu walikufa na maelfu kwa maelfu wakalala nje, huku shule zimefungwa kwa sababu ya korona na mpaka haupitiki. Katika hali kama ile mahari huonekana kama msaada, na mzazi anayeipokea huwa ameshindwa, si katili. Vita navyo vina mlango wake: kadogo, yaani askari watoto wa vita vya mwaka 1996, walitoka katika nyumba kama hizi, na bado makundi yenye silaha yanawachukua wengine.

Kinachosaidia kinajulikana. Huko Zomba, Malawi, kaya za wasichana zilipewa fedha kidogo kila mwezi bila masharti. Mimba na ndoa zikapungua, hasa kwa walioacha shule. Kenya, ruzuku ya serikali kwa kaya zinazolea yatima ilichelewesha vijana kuanza ngono. Fedha hizo hazikuondoa umaskini. Ziliivusha kaya kwenye wiki mbaya, ile ambayo maamuzi ya kudumu hufanyika. Na kwa aliyekwisha kutoka shuleni, Kongo ina vituo vya kufidia masomo vinavyobana miaka sita ya msingi katika mitatu. Ni njia ya kurudi, lakini inaishia palepale darasa la sita.

Tusisubiri Kinshasa kwa kila jambo. Wakuu wa shule za mwambao, pangeni tarehe za malipo kwa kufuata mwezi wa angani na likizo ya ziwa, na msimtoe mtoto chumba cha mtihani kwa deni la wiki mbili. Akina mama wa likelemba, vikundi vya kuchangiana fedha kwa zamu, tengeni fungu la darasa la saba. Na wewe mzazi uliyebanwa, kama ni lazima mtoto atoke shule msimu huu, nenda naye kwa mwalimu, mkubaliane siku ya kurudi, na jina lake libaki kwenye daftari.