Kisima Kilichobadilika Kaskazi

Mche wa mkarafuu ukiungua ncha za majani hali udongo wake umelowa, mwenye kitalu huongeza maji. Wanachama, twaomba mngoje kabla ya ndoo ya pili, maana huenda ugonjwa umo ndoani. Maji yakiwa na chumvi nyingi, mizizi hushindwa kuyanywa hata ikizama ndani yake.

Maji ya mvua hupitisha umeme kidogo sana. Yakiyeyusha chumvi hupitisha zaidi, na kadiri chumvi izidivyo ndivyo umeme uzidivyo kupita. Kipimo chake ni kidogo kama kalamu nene; hutumbukizwa majini kikaonyesha hesabu kwa desisimensi kwa mita. Maji ya bahari hufika kama 50. Kwa kumwagilia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lasema maji yasiyofika 0.7 hayana shaka, ya 0.7 hadi 3 yataka hadhari, yakipita 3 ni hatari. Hiyo ni mipaka ya mazao kwa jumla. Kwa miche michanga sisi tungeshika upande wa chini.

Mtu atauliza, mbona ulimi tunao? Ulimi uliozoea kisima chake ni shahidi dhaifu.

Kisiwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kila futi 1 iliyo juu ya usawa wa bahari, huwapo kama futi 40 chini yake. Kwa hiyo tukiteka mno, maji ya juu yakashuka kidogo tu, ya chumvi hupanda sana kutoka chini. Kisima cha pwani kilicho kitamu masika huweza kugeuka mwisho wa kaskazi, na ndipo miche inapotaka maji. Kipimeni nyakati zote mbili, mwandike hesabu daftarini.

Udongo nao hupimwa: kipimo 1 cha udongo mkavu, 5 vya maji ya mvua, koroga, acha utulie. Hesabu hiyo msiilinganishe na mipaka ya maji. Ilinganisheni na ya udongo wa karibu usiomwagiliwa. Jivu na mbolea pia huipandisha, wala kipimo hakisemi ni chumvi gani.

Penye kisima kibaya, kingeni maji ya mvua ya bati kwenye mapipa tangu vuli, yawekwe kwa miche peke yake. Mkarafuu hungojewa miaka 6 hadi 8 ndipo utoe karafuu.