Kuku Mmoja kwa Mwezi

Wasukuma waliohamia Dar es Salaam walikuja na ngoma zao, na pamoja na ngoma walikuja na nyoka, kwani tangu kale kulikuwako huko kwao chama cha wawinda nyoka, Bayeye, waliozijua dawa za sumu na kucheza hadharani na chatu shingoni. Na hata leo mtu apitaye Mbagala, wilayani Temeke, siku ya sherehe, huenda akaukuta umati umejipanga duara, watoto mbele, na katikati yao mtu amejitanda chatu mfano wa shali.

Nilisimama katika duara kama hilo, na ngoma ilipokwisha nikamfuata mwenye nyoka hadi penye sanduku lake la mbao lililotobolewa matundu ubavuni.

“Shikamoo, mzee. Huyu hula mara ngapi?”

“Marahaba. Kuku mmoja, mwezi jana,” akajibu, akimshusha pingili kwa pingili. “Sasa hadai kitu.”

Mama mmoja aliyekuwa kando, mkononi ana mfuko wa utumbo wa kuku, akasikitika kwa sauti kwamba mnyama anateswa kwa njaa. Huruma yake ilikuwa ya kweli, na moyo wake ni moyo wa watu wengi; lakini katika jambo hili mzee ndiye aliyekuwa na haki, nami naona ni wajibu kueleza kwa nini.

Paka au kuku huchoma sehemu kubwa ya chakula chake ili mwili upate joto, ilhali nyoka joto lake huliazima kwa jua na kwa ardhi, na kwa hiyo tonge moja humtosha muda ambao sisi tungekuwa tumekwisha kufa. Fauka ya hayo, kula kwenyewe kwake ni kazi nzito. Wataalamu waliomchunguza chatu wa Burma waliona kwamba siku mbili baada ya kumeza mlo mkubwa moyo wake huongezeka uzito kwa asilimia 40, na utumbo nao hunenepa, kisha mlo ukishasagika viungo hivyo hurudi kama vilivyokuwa. Mwili unaojijenga na kujibomoa namna hiyo kwa kila mlo sharti upewe nafasi ya kupumzika.

Kipimo cha tonge si kinywa, maana taya za nyoka hupanuka kupita kiasi, bali ni kiwiliwili: windo lisizidi sana unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Chatu mchanga, ambaye bado anakua, hupewa kila baada ya siku saba hivi windo lenye uzito wa takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Akikua, muda huongezwa hadi majuma mawili, na aliye mzima kabisa hutosheka na mlo mmoja kila majuma matatu au manne, hata zaidi. Yule nyoka mdogo wa kahawia asiye na sumu, aingiaye majumbani mwetu kufuata panya na mijusi, akiwa mkubwa hutoshwa na panya mdogo mmoja kwa siku kumi au kumi na nne. Mla-mayai naye hataki nyama yoyote: humeza yai la ndege zima, hulipasua kwa ncha za mifupa ya uti wake zilizochomoza kooni, akanywa kiini na kutema ganda lililokunjamana; na majira ambayo ndege hawatagi hufunga kwa miezi.

Kadhalika chatu jike ayazingiraye mayai yake, takribani siku 90, aghalabu hali kitu. Anayejivua gamba, macho yake yakiwa na ukungu, hukataa chakula, na asilazimishwe. Wakati wa kipupwe, baridi ya usiku ishukapo hapa pwani, chakula hukawia tumboni, na nyoka aliyeshiba asipopata mahali pa joto la nyuzi 30 hivi, au akishikwashikwa kabla ya siku mbili kupita, hutapika. Na kutapika humdhuru kuliko njaa. Windo na liwe limekwisha kufa, lipelekwe kwa koleo, kwani panya hai aliyebanwa sandukuni humng'ata nyoka majeraha mabaya. Maji safi yawepo siku zote.

Ama utumbo wa yule mama, usingemfaa. Chatu humeza windo zima, na mifupa ndiyo impayo chokaa, na ini ndilo limpalo vitamini. Nyama tupu humdhoofisha. Na alishwaye kila aonekanapo kutaka hujaa mafuta ubavuni, ini likaharibika, akafa kabla ya wakati wake, naye mlishaji akidhani amemtendea hisani.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata chatu bila kibali, basi anayetamani kufuga na aanzie kwa maofisa wanyamapori. Aliyekwisha kupata kibali, namsihi awe na mizani na daftari, aandike tarehe ya kila mlo na uzito wa nyoka, na asimwongezee tonge kabla ya kulisoma.