Tabaka: Jiwe linajulikana, mchongaji je?

Chukua kinyago cha kiboko pale Maasai Market, Nairobi, ukigeuze. Ukiona maandishi chini yake, mara nyingi ni neno moja tu: Kenya. Aliyekichonga ni nani? Muuzaji mwenyewe huenda hajui.

Jiwe linatoka Tabaka, kule Kisii. Lipo jeupe, la waridi, la kijivu, na ni laini kiasi kwamba unalikata kwa panga. Mchongaji hutoa umbo, anaingia na kisu na tupa, kisha kazi inaenda kwa wanaosugua kwa msasa na maji, wengi wao akina mama, hadi ing'ae. Si mchezo. Mikono mitatu minne imepita hapo na hakuna hata mmoja ulioacha jina.

Sasa angalia China. Huko nako kuna mawe laini, ya Qingtian na Shoushan, lakini sifa yake kubwa ni kuchongwa jina lenyewe. Msanii huchonga herufi zikiwa zimegeuka kama kwenye kioo, anachovya muhuri katika wino mzito mwekundu, anagonga pembeni mwa mchoro au maandishi yake. Qi Baishi, mtoto wa wakulima wa Hunan aliyezaliwa 1864, alianza kama seremala tu. Alipofariki 1957 alijulikana kwa mihuri yake na pia kwa michoro yake ya uduvi.

Na wetu yupo. Elkana Ong'esa wa Tabaka alisomea sanaa Makerere, na ndege wake wa amani, wa jiwe lilelile la Kisii, yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Mwaka 2014 tamasha la Smithsonian, Washington, liliangazia nchi mbili, Kenya na China, na Ong'esa akawa miongoni mwa waliochonga upande wetu. Kwake, mteja huuliza jina kwanza, jiwe baadaye.

Kwa kijana anayechonga viboko kumi kwa wiki, bei hupangwa na dalali. Kweli, kazi iliyopita mikono minne ina swali lake: sahihi iwe ya nani? Wanaweza kukubaliana jina moja la karakana. Msumari na dakika mbili vinatosha. Sishangai dalali akikunja uso, maana mnunuzi akilitafuta jina hilo kwenye simu, safari ijayo atashukia Tabaka moja kwa moja.